Mtungi Uliofukizwa Ubani

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Bi Biubwa alifukiza mtungi wake.

Kwanza aliyamwaga maji yaliyobaki. Kisha aliusuuza mtungi mara moja kwa maji kidogo. Halafu aliweka makaa ya moto kwenye chetezo, akatia chembe za ubani, akauinamisha mtungi juu yake. Moshi uliingia ndani na kutulia katika udongo. Maji yaliyotiwa humo yalinukia mpaka Alhamisi nyingine.

Mtungi huo ulikuwa na miaka thelathini na minne. Haukuwahi kusuguliwa hata siku moja. Mama yake Bi Biubwa alimpa wiki ya harusi yake, akamwambia, "Ukiusugua unaitoa harufu yote, unaanza upya." Naye alilishika neno hilo.

Mtaani watu waliyajua maji yale. Mtu akipita na kiu, husimama mlangoni na kusema, "Bi Biubwa, niburudishe." Naye humpa maji kwa kata, huku akimtazama usoni aone atakavyofurahi.

Nyumba yake ilikuwa Bagamoyo mjini, si mbali na soko la samaki. Bi Biubwa alikuwa mjane. Aliishi na mwanawe Dadi, ambaye alikuwa seremala, na Zaina, mke wa Dadi, aliyeolewa kutoka Lugoba. Dadi na Zaina walikuwa na watoto wawili. Mosi alikuwa mvulana wa miaka minne. Fatu alikuwa msichana wa mwaka mmoja na nusu, na alikuwa bado ananyonya.

Maji waliyachota bombani, kwenye njia panda. Masika ya mwaka 1976 yalipoanza, maji hayo yalianza kunuka dawa. Mvua ilikuwa imechafua mito, kwa hiyo mafundi wa maji waliongeza dawa.

Bi Biubwa alionja, akatema.

"Haya si maji," alisema. "Haya ni ya kufulia kanzu."

"Mama, wanasema dawa hiyo inaua vidudu," alisema Zaina.

"Wanasema akina nani? Watu wa kwenu, wanaokunywa lambo moja na ng'ombe?"

Zaina alikuwa amezoea maneno hayo. "Ng'ombe wa Lugoba wana adabu, mama. Wanangoja tuchote kwanza."

Bi Biubwa alicheka kwa pua. "Sikiliza. Mimi nimesoma chuo cha Kurani. Maji yana alama tatu: rangi, ladha na harufu. Ikibadilika moja, yana walakini. Haya zimebadilika mbili."

Akatafuta dawa ya dawa. Asubuhi alimimina maji ya bomba kwenye karai kubwa, akaliweka uani, wazi, juani. Kuku walipita hapo. Watoto walitia mikono. Alasiri harufu ilikuwa imekwisha. Bi Biubwa aliyachuja kwa kitambaa, akayatia mtungini. Baada ya kulala humo usiku mmoja yalinukia ubani tena.

"Alama zote tatu zimerudi," alisema.

Jirani wa mkabala aliitwa Mbaruku. Alifanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii upande wa Kunduchi. Kazi yake ilikuwa kulitunza bwawa la kuogelea. Alikuja nyumbani mara moja kwa wiki, siku ya Jumanne. Vijana wa barazani walimtania kwamba anawapikia Wazungu maji ya kuoga.

"Napika," aliwajibu, "na chumvi naonja mwenyewe."

Jumanne moja Mbaruku aliliona karai uani. Akauliza, akaelezwa.

"Mama," alisema, "dawa ile ndiyo mlinzi wa maji. Ukimfukuza mlinzi, mlango unabaki wazi."

"Mbaruku, wewe kaa na maji yako ya kuoshea makalio ya watalii. Usiyalinganishe na maji ya kunywa."

Watu waliokuwa uani walicheka. Mbaruku naye akacheka, akaenda zake. Hakutaka kubishana na mtu mzima mbele ya watu.

Siku ya Ijumaa, Mosi aliamka anahara. Kabla ya adhuhuri alikuwa anatapika pia. Kinyesi chake kilikuwa maji matupu.

Bi Biubwa alikwenda kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Sahani ikaoshwa kwa maji, na mtoto akanyweshwa maji hayo. Pwani dawa hiyo huitwa kombe. Bi Biubwa aliliosha kombe kwa maji ya mtungi wake, kwa sababu hakuwa na maji mengine aliyoyaona mazuri zaidi.

Mosi alitulia saa moja. Kisha akaanza tena. Akaletewa kombe la pili, nalo likaoshwa kwa maji yale yale.

Jumamosi asubuhi macho yake yalikuwa yamezama. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Zaina alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, na ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Dadi, tumpeleke hospitali," alisema.

Dadi alimtazama mama yake.

"Amalize kombe la tatu," alisema Bi Biubwa. "Mambo haya hayataki haraka."

Walingoja. Mosi alikunywa kombe la tatu, na alilinywa lote, maana alikuwa na kiu. Saa sita Zaina hakumwuliza mtu. Alimbeba mtoto, akatoka. Dadi akamfuata mbio. Hospitalini muuguzi alitafuta mshipa wa kutia sindano, mkono huu na mkono ule. Mishipa ilikuwa imenywea.

"Mngekuja jana," alisema.

Mosi alifariki kabla ya adhana ya alasiri.

Akazikwa Jumapili asubuhi. Watu walikuja matangani kwa wingi. Wanaume walikaa nje chini ya turubai. Wenzake Dadi wa karakana waliwawekea pipa lenye mfuniko, wakalijaza maji ya bomba asubuhi na mchana. Wanawake walikaa ndani. Wao walikunywa maji ya mtungi. Karai lilikuwa uani kama kawaida, na mtungi ulijazwa mara nyingi kuliko siku zote.

Jumatatu jioni Dija, aliyekuwa akipika, aliharisha mpaka akalazwa. Baadaye wanawake wengine wawili. Jumanne asubuhi ikaja habari kutoka Kaole kwamba Bi Mize, mdogo wake Bi Biubwa, alirudi kutoka matangani na sasa hawezi kusimama.

Maneno yakaanza. Wengine walisema kwamba Zaina ana mkosi. Wengine walisema ni dawa ya bombani. Bi Biubwa alishika la pili.

"Dawa yao imemwua mjukuu wangu," aliwaambia waliokuwepo. "Kuanzia leo Fatu hataonja maji ya bomba mpaka yamekaa karaini siku mbili kamili."

Zaina hakuwa akila. Alikaa pembeni ya mkeka, na maziwa yake yalipungua. Fatu alinyonya, akalia, akapewa maji. Alipewa maji mengi siku zile kuliko siku zote za maisha yake.

Siku hiyo hiyo ya Jumanne, saa tatu asubuhi, Fatu naye akahara.

Mbaruku alifika saa nne kutoka kazini. Habari za msiba alikuwa amezipata jana yake. Alikumbuka lile karai, kwa hiyo aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, akaja na kiboksi chake cha kupimia maji; njiani watu walimwambia kwamba maji ya bomba yanaua. Aliingia kutoa pole. Akamkuta Zaina amesimama mbele ya mtungi, mtoto begani. Bi Biubwa alikuwa mbele yake, ameshika sahani ya kombe.

"Nipishe nichote," alisema Bi Biubwa.

"Simpi, mama."

"Unayakataa maneno ya Mungu?"

"Sijui ninakataa nini. Najua Mosi alikunywa matatu."

Dadi alisimama kati yao. Mbaruku alimtazama mtoto. Midomo ya Fatu ilikuwa imekauka.

"Dadi," alisema, "mchukue mkeo na mtoto, mwende hospitali. Sasa hivi. Maneno yatawasubiri."

Wakaenda. Bi Biubwa aliiweka sahani chini. Kisha alichukua chupa, akaanza kuijaza kwa kata.

"Hiyo ni ya nani, mama?" aliuliza Mbaruku.

"Ya Fatu. Hospitali watampa maji ya bomba. Sitakubali wamwue na huyu. Namfuata."

Mbaruku alikaa kwenye kigoda, akafungua kiboksi. Ndani yake mlikuwa na vichupa viwili virefu vya kioo na chupa ndogo ya dawa ya kupimia.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Lakini usinicheleweshe."

"Sikucheleweshi. Kabla hujatoka, nipime maji haya tu. Yakiwa mazuri, chupa nakubebea mimi."

Bi Biubwa aliiziba chupa, akangoja. Mbaruku alimtuma binti mmoja kwenda bombani kuchota maji kwa glasi safi. Yalipoletwa, aliyatia kwenye kichupa cha kwanza. Kwenye kichupa cha pili alitia maji ya mtungi. Vyote viwili vilikuwa vyeupe. Hakuna ambaye angeweza kuvitofautisha kwa macho.

Akadondosha dawa. Maji ya bomba yakawa ya manjano, kama maji yaliyooshewa bizari. Maji ya mtungi hayakubadilika.

"Umeona mwenyewe," alisema Bi Biubwa. "Ya kwao yamegeuka rangi. Yangu hayana kitu."

"Ni kweli, mama. Hayana kitu. Manjano hii inaonyesha kwamba dawa ya kuua vidudu ipo. Katika maji yako imekwisha. Hakuna hata chembe."

"Ndivyo nilivyotaka."

"Najua. Sasa nikueleze kazi yangu, kwa sababu hukuwahi kuniuliza." Mbaruku alisema hivyo bila kejeli. "Kila asubuhi natia dawa bwawani, kisha napima. Manjano. Wanaingia watu hamsini, na jasho lao na mafuta yao. Saa sita napima tena. Manjano hamna. Lakini ukiyatazama maji, yanang'aa. Ukidondosha sindano, utaiona chini. Ungeapa kwamba ni safi. Hata hivyo nawatoa watu wote, natia dawa nyingine. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Dawa imeliwa. Kila inapokutana na uchafu, inapigana nao na kupungua. Uchafu ukiwa mwingi, dawa inakwisha na vidudu vinabaki. Vidudu hivyo havionekani. Havina rangi, havina ladha, havina harufu."

Bi Biubwa alikunja uso. "Basi chuoni walinifundisha uongo?"

"La. Alama zile tatu ni za tohara. Ukitaka kutawadha, zitazame hizo. Vidudu ni jambo jingine. Maji yanaweza kufaa kwa udhu, na bado yakamwumiza mtu tumboni."

"Lakini mtungi wangu si bwawa. Hakuna aliyeingia humo na jasho lake."

"Tia mkono, mama. Usiguse maji. Gusa ukuta wake."

Bi Biubwa alitaka kukataa. Kisha akapandisha mkono wa gauni, akatia mkono wake mtungini, juu ya maji. Akapitisha kucha kwenye udongo, chini kidogo ya mdomo. Akatoa mkono. Chini ya kucha zake palikuwa na utelezi mzito, wa kijivu, kama ute wa konokono. Mbaruku akampa kitambaa cheupe. Akajifuta. Kitambaa kikachafuka.

Akakinusa.

"Kinanukia ubani," alisema polepole.

"Ndiyo. Ubani unaficha harufu. Hauui kitu. Utelezi huo ni vidudu vinavyoishi pamoja kama mchwa katika kichuguu. Dawa kidogo iliyobaki inaliwa na utelezi huo. Na juani, karaini, dawa yenyewe huwa imeshapaa. Wakati huo kuku na mikono ya watoto imeshaongeza mengine."

Bi Biubwa alikitazama kitambaa. Chupa ya Fatu ilikuwa bado mkononi mwake wa kushoto.

"Mama, nikuulize moja," alisema Mbaruku. "Waliougua matangani ni akina nani?"

"Dija. Mdogo wangu Mize. Mke wa Mwinshehe. Na yule wa soko la samaki."

"Kuna mwanamume?"

Alifikiri. "Hakuna."

"Wanaume walikunywa maji gani?"

Bi Biubwa aliketi chini, pale pale kwenye sakafu.

"Nilimpa makombe matatu," alisema. "Kwa mkono wangu huu. La tatu alilishika mwenyewe kwa mikono miwili."

Mbaruku aliinamisha kichwa. "Dua haina kosa, mama. Kosa lilikuwa kwenye maji."

"Usinifariji," alisema Bi Biubwa.

Akainuka. Akaimwaga ile chupa uani. Akawasha moto, akabandika sufuria ya maji ya bomba. Mbaruku alimwambia ayaache yatokote sawasawa, si kupata moto tu, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Akachemsha humo na kikombe na kifuniko chake. Yalipopoa kidogo aliliosha kombe kwa maji hayo, akalitia katika kikombe hicho, akakifunika. Kisha akaenda hospitali kwa miguu.

Fatu alikuwa amelazwa, mpira wa maji umefungwa mkononi. Safari hii mshipa ulikuwa umepatikana. Muuguzi aliuliza maji ya kikombe yametoka wapi, Bi Biubwa akamweleza yote, bila kuruka kitu. Zaina alisikiliza. Kisha alipokea kikombe kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, akamnywesha mtoto mwenyewe.

Fatu alikaa hospitalini siku nne. Siku ya tano alirudi nyumbani, mwembamba, lakini mzima.

Dija na wale wengine walipona. Bi Mize hakupona. Walimzika Kaole Ijumaa.

Bi Biubwa aliporudi kutoka mazishini, aliutoa mtungi uani. Aliusugua kwa mchanga na majivu, kisha kwa sabuni, kisha akausuuza kwa maji yanayochemka. Maji yaliyotoka mara ya kwanza yalikuwa meusi. Mara ya pili yalikuwa meusi. Alirudia mpaka jua lilipopinduka, mpaka udongo ukaonekana rangi yake. Majirani walimtazama kupitia uwazi wa ua wa makuti. Hakumwita mtu kumsaidia.

Tangu siku hiyo, mtungi ulisuguliwa kila Alhamisi. Maji yalichotwa bombani kwa ndoo yenye kifuniko, yakatiwa mtungini mara moja, pamoja na harufu yake ya dawa. Mtungi ulifunikwa. Dadi alichonga kata yenye mpini mrefu, mkono wa mtu usifike kwenye maji. Ya watoto yalichemshwa, hasa wakati wa masika. Kila mtu alinawa mikono kwa sabuni akitoka chooni, na kabla ya kugusa maji au chakula. Mbaruku alipima kila Jumanne alipokuja. Manjano ilionekana.

Mambo ya nyumba yalitengenea. Mambo ya watu yalichelewa. Zaina alimpikia mama mkwe wake, akamfulia, akamwamkia kila asubuhi. Lakini hakumwacha ampe Fatu maji. Mtoto akisema "maji," Zaina aliacha kila kitu, akaja kumpa mwenyewe. Bi Biubwa aliona, na hakulalamika.

Siku ya arobaini ya Mosi wanawake walikuja tena kwenye hitima. Jua lilikuwa kali. Hakuna aliyeomba maji. Walikaa na kiu yao, wakitazamana. Dija ndiye aliyethubutu kunong'ona, "Mimi nimekuja na yangu kwenye chupa."

Bi Biubwa alisikia. Akasimama katikati ya chumba.

"Umefanya vizuri kuogopa," alisema. "Nisikilizeni. Mjukuu wangu hakuuawa na dawa ya bomba. Wala Zaina hana mkosi, na aliyelisema hilo anajijua. Mosi aliuawa na maji yangu. Mdogo wangu Mize pia. Niliyatoa dawa kwa mikono yangu, nikayatia kwenye uchafu wa miaka thelathini na minne, nikayapaka ubani. Mliyasifu, nami nikapenda sifa."

Akanyosha mkono wake wa kulia, wazione kucha.

"Mitaani mwenu najua kuna makarai yamewekwa juani," aliendelea. "Mlijifunza kwangu. Mkitoka hapa, yapindueni juu chini. Maji yakinuka dawa, mshukuruni Mungu na mnywe. Na mitungi yenu tieni kucha. Msiinuse. Tieni kucha."

Mwanamke mmoja mzee alianza kulia. Mke wa Mwinshehe aliinuka, akatoka bila kuaga. Kwake palikuwa na karai uani, na watoto watatu.

Jioni ile na siku zilizofuata, wanawake walionekana wakisugua mitungi kwa mchanga. Masika yale yaliendelea wiki tano zaidi. Katika mtaa huo hakuna mtoto mwingine aliyezikwa kwa kuhara.

Lakini kabla ya hayo, siku ile ya hitima, wageni walipokuwa bado wamekaa, Fatu alijikokota kutoka kwenye mkeka, akaufuata mtungi. Akasimama mbele yake.

"Maji," alisema.

Zaina alikuwa ameshika sinia la wali kwa mikono miwili. Bi Biubwa alikuwa karibu na mtungi, hatua moja tu. Hakusogea. Alimtazama mkwewe, akangoja.

Zaina alisimama na sinia lake. Kila mtu aliona kwamba angeweza kuliweka chini.

"Ya kwake yamo kwenye birika, yamechemshwa," alisema. "Mpe, mama."

Bi Biubwa alikwenda kwanza uani, akanawa mikono kwa sabuni.